Mbio za mlimani ni za watu wawili, sisi tunapeleka mmoja

MWAMBIE Mtanzania wa kawaida kwamba mume na mke wamedunduliza mwaka mzima, wakaomba likizo ya wiki tatu, wakapanda ndege kwenda nchi ya watu, na kwamba walichofuata huko ni kupanda mlima mbio, kuushuka mbio, kupumzika siku kadhaa, kisha kuhamia mji wa pili na kuanza upya. Atakuuliza swali moja tu: "Kwani wanalipwa shilingi ngapi?"

Mjibu kwamba hawalipwi kitu, wao ndio wanaolipa. Hapo atacheka mpaka ashike mbavu. "Wazungu bwana, wana matatizo yao!" Mjadala umeisha, turudi kwenye Simba na Yanga.

Mimi naomba mjadala usiishe hapo. Ndani ya kicheko hicho ndimo ilimo sababu ya sisi kuwa na mlima mrefu kuliko yote Afrika, kuwa na watu wenye mapafu ya kuupanda, kuwa na majirani wanaotikisa dunia katika mbio hizo, na bado mchezo wenyewe hatuna. Kwetu mbio ni kazi ya mtu mmoja mwenye njaa. Wenzetu wamezigeuza kuwa safari ya watu wawili. Na pesa ya mchezo huu, ndugu zangu, iko kwa hao wawili. Haiko kwa bingwa.

Twende Uswisi kwanza

Tuchukue mfano ulio hai. Kila Agosti, katika jimbo la Valais nchini Uswisi, kuna mbio zinazoitwa Sierre-Zinal. Zilianzishwa mwaka 1974 na Jean-Claude Pont, msomi wa historia ya hisabati. Unaanzia mji wa Sierre, bondeni, mita kama 570 juu ya usawa wa bahari. Unamalizia kijiji cha Zinal, mita 1,680. Ni kilomita 31. Ukijumlisha mapando yote unapata mita 2,200, na mashuko mita 1,100. Kule juu, hali ya hewa ikiwa nzuri, unaona vilele vitano vyenye zaidi ya mita 4,000, Matterhorn ikiwamo.

Msomaji wa kurasa za michezo akisikia Sierre-Zinal atataka kujua nani alishinda. Haya, mwaka 2024 alishinda Kilian Jornet wa Hispania kwa saa 2, dakika 25 na sekunde 34. Alipunguza rekodi yake mwenyewe ya mwaka 2019 kwa sekunde moja. Nyuma yake, kwa sekunde chache tu, alikuwa Philemon Kiriago wa Kenya. Mtu amekimbia kilomita 31 za mlima halafu anapitwa kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu! Habari tamu, inastahili kichwa cha habari.

Lakini mbio zile haziishi kwa sababu ya Jornet na Kiriago. Zinaishi kwa sababu ya maelfu wanaofika Zinal saa tatu, nne hadi tano baada yao.

Angalia walivyozipanga. Kuna kundi linaloitwa la watalii. Hilo linaondoka Sierre alfajiri, giza bado halijaisha, taa kichwani. Wanaoshindana wanaanza baadaye sana, jua likiwa limechomoza. Maana yake nini? Mke asiye na haraka anatangulia, mume mwenye papara anafuata, au kinyume chake, maana wako wake wengi wanaowaacha waume zao mbali. Mmoja anatembea kwa nguvu, mwingine anakimbia, lakini wote wana namba kifuani, wote wanapita njia ileile, na wote wanakula chakula cha mchana Zinal wakibishana nani aliteseka zaidi. Wakichoka wanapanda basi la njano la posta, linawarudisha bondeni kwenye treni.

Huo si mpango wa bahati. Ni mbio zilizobuniwa na mtu aliyejua kwamba mkimbiaji ana mwenzake, na kwamba mwenzake akichoshwa na kukaa hotelini peke yake, mwakani hawaji wote wawili.

Halafu safari inaendelea. Kutoka bonde hilohilo la Valais kuna treni inayotoka Martigny, inavuka mpaka hadi Chamonix, Ufaransa, chini ya Mont Blanc. Huko mwishoni mwa Agosti kuna wiki nzima ya mbio za UTMB, zilizoanza mwaka 2003. Mbio kubwa zenyewe ni za kilomita zipatazo 170, na mapando ya mita kama 10,000, kuuzunguka mlima kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi. Asiyeziweza hizo ana nyingine. Kuna OCC, zinazoanzia Orsières, Uswisi. Kuna CCC za kilomita kama 100, zinazoanzia Courmayeur, Italia. Zote zinamalizia katikati ya mji wa Chamonix.

Sasa piga picha. Mke ana OCC siku ya Alhamisi. Mume ana CCC Ijumaa. Alhamisi mume anashika koti na chupa ya maji, anamsubiri mkewe kwenye utepe. Ijumaa zamu inageuka. Ukichanganya na Sierre-Zinal ya wiki mbili au tatu kabla, hiyo ndiyo safari niliyokueleza mwanzo. Katikati wanalala, wanakula, wanapanda treni, wananunua soksi, wanatafuta mtu wa kuwakanda misuli. Kila hatua inaacha pesa kwa mtu fulani wa bonde lile.

Nani anabeba koti?

Na usidhani anayebaki bila namba kifuani ni mtazamaji. Katika mbio ndefu za UTMB, kanuni zinamruhusu mkimbiaji kupata msaidizi wake kwenye vituo vichache vilivyotajwa, basi. Msaidizi huyo anatakiwa kufika kabla ya mkimbiaji, usiku, nchi ya pili au ya tatu, akiwa na nguo kavu, betri ya taa, na chakula ambacho tumbo la mtu aliyekimbia saa kumi na tano litakikubali. Anatakiwa pia ajue lini aseme "pole" na lini aseme "inuka, twende". Kwa wengi, kazi hiyo hufanywa na mume au mke.

Mmarekani Courtney Dauwalter mwaka 2023 alishinda Western States, Hardrock na UTMB, mbio tatu ngumu za aina hii, katika majira mamoja ya joto. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Kila anapoongea na waandishi, jina la mumewe, Kevin Schmidt, haliko mbali, maana ndiye anayemhudumia vituoni. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mguu mmoja hauzunguki Mont Blanc.

Hata huyo Jornet, mfalme mwenyewe, hadithi yake ina mwanamke mkimbiaji ndani yake. Yeye na mwenzake Emelie Forsberg wa Sweden, naye bingwa wa mbio za milimani, walizunguka dunia kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Kisha wakaanzisha mbio zao Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway, zilizofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Wageni walijifunza ugeni, halafu wakawa wenyeji. Nataka msomaji wangu aikumbuke hiyo, nitaihitaji baadaye.

Bingwa ni bango, duka ni wale wa katikati

Tufanye hesabu ndogo isiyohitaji mhasibu. Bingwa anakuja peke yake. Mara nyingi chumba analipiwa, chakula analipiwa, usafiri analipiwa. Akishinda anaondoka na bahasha. Kwa kijiji kilichoandaa, bingwa ni gharama. Ni gharama nzuri, kama bango la dukani, lakini ni gharama.

Wanandoa waliomaliza nafasi ya 1,800 na 2,300 hawalipiwi kitu. Wanalipa kiingilio mara mbili, nauli mara mbili, sahani mbili, kitanda usiku nne au tano. Chamonix ni mji wenye wakazi kama 9,000, na wiki ya UTMB huleta wakimbiaji wapatao 10,000. Hapo hujahesabu waliowasindikiza. Mji unajaa mpaka mwisho kwa sababu ya watu ambao gazeti halitataja majina yao kamwe.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Waswisi na Wafaransa hawana methali hiyo kwa Kiswahili, ila wameielewa kuliko sisi tuliyoitunga.

Sisi tunapeleka miguu tu

Afrika Mashariki tumejitokeza vipi kwenye mchezo huu? Kwa heshima kubwa, hilo lazima lisemwe. Mwaka 2022 mashindano ya dunia yalipofanyika Chiang Mai, Thailand, na mwaka 2023 yalipohamia Innsbruck, Austria, Patrick Kipngeno wa Kenya alikuwa bingwa wa mbio za kupanda tu. Zile za kupanda na kushuka, Innsbruck, alichukua Leonard Chemutai wa Uganda. Chiang Mai upande wa wanawake alichukua Rebecca Cheptegei, naye wa Uganda.

Watanzania hatumo kwenye orodha hiyo, na siyo kwamba hatukimbii. Alphonce Simbu alitupa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025. Miguu ipo.

Ila tazama jinsi majirani wetu wanavyokwenda huko. Mkimbiaji anaondoka mmoja. Viza ya mmoja, tiketi ya mmoja, wakala anasubiri asilimia yake, nyumbani kuna ukoo mzima unasubiri bahasha. Akishika nafasi ya kumi hakuna atakayemwambia hongera. Mwanandoa wa Ulaya akishika nafasi ya elfu mbili anapewa medali na busu. Mlima ni uleule, lakini mmoja yuko likizo na mwingine yuko mtegoni.

Mtego huo una matunda yake. Mwaka 2022 waliotangulia kufika Zinal, mwanamume na mwanamke, wote Wakenya, walinyang'anywa ushindi baada ya vipimo kuonyesha dawa zilizokatazwa. Siwatetei. Aliyemeza au kuchomwa dawa amemwibia aliyekuja nyuma yake, na adhabu ni haki. Lakini ukijenga mchezo ambao nafasi ya kwanza ni chakula na nafasi ya pili ni njaa, usijifanye kushangaa.

Na kuna jambo zito zaidi. Rebecca Cheptegei niliyemtaja, bingwa wa dunia wa mlimani, mwanamke aliyekimbia marathoni ya Olimpiki Paris Agosti 2024, hakuumaliza mwezi uliofuata. Alifariki Septemba 2024 mjini Eldoret, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanaume aliyekuwa mpenzi wake. Ugomvi ulioripotiwa ulikuwa wa kiwanja na nyumba alivyovipata mwanamke yule kwa jasho la miguu yake.

Sisemi kwamba yule mwanaume angesajiliwa kwenye mbio za kilomita 10 asingekuwa muuaji. Muuaji ni muuaji. Ninachosema ni kwamba kwetu, mwanamke anapokimbia, ndani ya nyumba nyingi mbio zake huonekana kwa sura mbili tu. Akiwa hana pesa, anapoteza muda na kuvaa nguo za aibu. Akipata pesa, amekuwa shamba la mtu mwingine kuvuna. Sura ya tatu, ya mume anayesimama kwenye baridi na koti mkononi akimsubiri mkewe wa nafasi ya elfu mbili, hatujaizoea kuiona. Watoto wetu wa kike hawajaiona. Wa kiume ndiyo kabisa. Michezo hufundisha kwa macho, na hicho ni kitu ambacho mbio za milimani za wawili wawili zingeweza kutufundisha bila semina wala posho.

Milima tunayo, njia tunazo

Sasa turudi nyumbani. Wanandoa hao wa Ulaya na Marekani hatuhitaji kuwabembeleza waje. Wameshakuja. Kilimanjaro Marathon inafanyika Moshi tangu mwaka 2003, na kila mwaka utawakuta: wanakimbia Jumapili, Jumatatu au Jumanne wanaanza kupanda mlima, wakishuka wanakwenda Serengeti au Zanzibar. Safari iliyojengwa kuzunguka mbio, mume na mke, tunaiuza tayari. Ila mbio zenyewe ni za lami. Mlima wenyewe unakaa nyuma kwenye picha.

Na walioukimbia mlima wenyewe wapo. Jornet huyohuyo alikuja mwaka 2010 akaupanda na kuushuka Kilimanjaro kwa saa 7 na dakika 14. Mwaka 2014 Karl Egloff, mzaliwa wa Ecuador, akashusha hadi saa 6 na dakika 42. Kabla yao wote yupo mtu wetu, Simon Mtuy, Mchaga aliyezaliwa kwenye miteremko ya mlima ule, aliyeupanda na kuushuka kwa chini ya saa 10 mwaka 2006 akiwa amejibebea maji na chakula chake. Mtuy ameshakimbia mbio ndefu za Marekani, akarudi, na sasa anawapokea wageni na kuwakimbiza kwenye njia za vijiji kuuzunguka mlima. Unakumbuka niliposema mgeni aliyejifunza ugeni akawa mwenyeji? Ndiye huyo. Hatukosi mfano. Tunakosa wa kuufuata.

Lakini naomba tusianzie Kibo. Mita 5,895 siyo mahali pa kujaza watu na namba kifuani. Urefu ule unaua, na hifadhi ina sheria zake kwa sababu nzuri. Tuanzie chini. Tuanzie Uluguru na Usambara.

Tazama Morogoro. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inatoka Dar es Salaam na kufika Morogoro chini ya saa mbili. Mume na mke wa Kinondoni wanatoka kazini Ijumaa, usiku wanalala Morogoro. Juu ya mji kuna Uluguru, kuna njia ya Morningside ambayo vijana wa pale wanaipanda kila wikiendi kwa mazoezi na kwa kupiga picha. Njia zipo, zimechongwa na miguu ya kina mama wa Kiluguru wanaoshusha ndizi, mboga na magimbi sokoni tangu enzi za mababu. Wale kina mama, kwa taarifa yako, wanashuka mlima wakiwa na mzigo kichwani kwa mwendo ambao wewe na viatu vyako vya laki tatu utauonea haya.

Au tazama Lushoto. Baridi, misitu, vijiji vilivyoshikamana na miteremko, njia za miguu kutoka kijiji hadi kijiji, vyumba vya wageni vya bei ya kawaida, matunda mezani. Mtu wa Valais akiletwa pale atadhani yuko kwao, isipokuwa chakula kina ladha.

Mahitaji yenyewe siyo maajabu. Umbali uwe miwili au mitatu, siku moja, na saa za kuanza zitofautiane, kama Sierre-Zinal, ili wa kilomita 10 na wa kilomita 30 wakutane kwenye utepe. Saa ya kikomo iwe ya huruma, na wa mwisho apigiwe makofi kama wa kwanza. Vibao viwekwe njiani. Waswisi wana vibao vya njano vinavyokuambia saa za kutembea badala ya kilomita, maana mlimani kilomita hudanganya. Wawepo waokoaji wanaoujua mlima, na hao si watu wa kuagizwa mjini, ni vijana wa kijijini na wapagazi. Chakula kipikwe na kikundi cha kina mama wa pale na walipwe, siyo kupewa fulana. Bei iwe ya mwenyeji na ya mgeni, ila njia iwe moja.

Na tuwe waangalifu. Uluguru ndiyo inayolisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Usambara ina misitu ya hifadhi yenye viumbe ambavyo havipatikani kwingine duniani. Mbio zisipangwe wakati wa masika, miguu elfu mbili ikageuza njia kuwa mfereji. Idadi iwe na mwisho. Chupa za plastiki zisipande kabisa, kila mtu abebe kikombe chake. Huko Ulaya ndivyo wanavyofanya, na wamelazimishwa na milima yao kuchakaa.

"Mtanzania gani ana hela hiyo?"

Najua hoja itakayokuja. Kwamba haya ni mambo ya wenye nacho, Mtanzania hana hela ya kulipa ili ateseke.

Nenda Moshi wiki ya Kilimanjaro Marathon uone mabasi ya klabu za joging kutoka Dar, Dodoma na Arusha. Watu wamechangishana, wamechapisha fulana za klabu, wamelipa viingilio, wamelala watatu chumba kimoja, wengine hawajawahi kumaliza kilomita 21 bila kutembea. Kila mwezi kuna mbio za hisani mahali fulani nchini na zinajaa. Mtanzania anayelipa ili ateseke yupo, tena ana furaha. Ila ukiangalia vizuri utaona amekuja na klabu yake, mwenzake kabaki nyumbani.

Hapo ndipo hoja ya pili inapoingia: "Mke wangu akimbie, watoto wabaki na nani?" Swali la haki, lakini mbona haliulizwi mume anapokwenda kutazama mechi Jumamosi hadi usiku? Mbio zenye saa mbili za kuanza zinajibu nusu ya swali. Mmoja anakimbia alfajiri, mwingine anashika watoto. Saa nne zamu inabadilika. Nusu nyingine mtajibiana wenyewe sebuleni.

Hoja ya tatu ni ya viongozi wa riadha: kwamba kazi yao ni medali, siyo utalii wa wanandoa. Nawajibu hivi. Medali za mlimani zinatoka kwa watoto waliozoea kuona mlima ukikimbiwa. Mtoto wa Mgeta au wa Mtae akiona mbio zikipita mbele ya nyumba yao kila mwaka, mwaka wa tatu atavua ndala na kuzifuata. Hapo ndipo mtampata bingwa, bila kambi ya dharura wiki tatu kabla ya mashindano. Na bingwa huyo atakuwa na mahali pa kukimbia hapa nchini hata siku aliyoshindwa kupata viza.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Klabu za joging za Dar na Morogoro zikae na serikali za vijiji vya Uluguru na watu wa misitu, wachague Jumamosi moja ya kiangazi, watafute njia ya kilomita 10 na ya kilomita 25, waweke bei moja ya punguzo kwa watu wawili wanaojisajili pamoja: mume na mke, mtu na dada yake, mama na binti yake. Mia mbili wa kwanza wanatosha. Sierre-Zinal haikuanza na maelfu.

Wale wanandoa wa Ulaya watasikia tu. Wataongeza siku tatu kwenye safari yao ya Zanzibar, watapanda SGR, watakuja kukimbia nyuma ya kina mama wa Kiluguru. Lakini wakikuta sisi wenyewe tumekaa pembeni tunauza maji na kupiga picha, tutakuwa tumepata wateja na kuukosa mchezo. Mimi nawataka Watanzania wawili wawili kwenye njia ile kabla mgeni wa kwanza hajateremka kwenye treni.